Mizani ya Kupima Mafuta Mwilini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mizani ya kioo yenye vibati vinne vya kukanyagia sasa iko kila mahali, Kariakoo, Luthuli Avenue na kwenye maduka ya mtandaoni. Unapanda, unashuka, simu inakuletea orodha ndefu: mafuta, misuli, maji, mifupa, protini, hadi umri wa mwili. Wengi wanaelewa namba ya kwanza tu, ile ya uzito. Zilizobaki ama wanazipita, ama zinawanyima usingizi. Majibu haya ni ya hao wasiolala.

Inajuaje nina mafuta kiasi gani kwa kukanyagwa tu?

Haijui, inakadiria. Mizani hii hupima vitu viwili basi: uzito wako, na ukinzani wa mwili wako dhidi ya umeme. Ukisimama pekupeku, mkondo mdogo sana, kwa kawaida chini ya miliampea 1, unaingia kwenye unyayo mmoja, unapanda mguu, unakatiza nyonga na kushuka mguu wa pili. Misuli ni maji kwa karibu robo tatu, tena maji yenye chumvichumvi, hivyo umeme unateleza humo bila shida. Mafuta hayana maji mengi, yanauzuia. Ukinzani ukiwa mkubwa, hesabu inaelekea kwenye mafuta mengi.

Hapo sasa zinaingia taarifa ulizojaza mwenyewe: urefu, umri, jinsia. Mtengenezaji ana kanuni aliyoipata kwa kupima watu kwa njia za maabara, kisha kutafuta hesabu inayokaribia majibu yao. Kwa hiyo kioo kikikuandikia asilimia 31, maana yake ni kwamba watu wa urefu, umri, jinsia, uzito na ukinzani kama wako, kwa wastani, walikutwa na mafuta kiasi hicho. Wewe unaweza kuwa juu au chini ya wastani huo. Ukilinganisha na kipimo cha hospitali kama DEXA (eksirei inayotenganisha mafuta, misuli na mifupa), kupishana kwa pointi 3 hadi 5 ni jambo la kawaida, na kwa baadhi ya watu pengo ni kubwa zaidi.

Kama huamini, ingia kwenye programu ya simu, jiongezee miaka 20, upande tena. Mwili ni uleule, chai uliyokunywa ni ileile, lakini kwenye mizani nyingi asilimia ya mafuta itahama. Rudisha umri wako wa kweli kabla hujasahau.

Huo umeme hauna madhara?

Kwa mtu mzima mwenye afya, hauna; hata kuusikia huusikii. Asiyetakiwa kabisa kupanda ni mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo kilichopandikizwa mwilini, au kifaa chochote cha umeme cha aina hiyo. Mjamzito naye watengenezaji humwambia asitumie kipimo cha mafuta, na hata angetumia, majibu yasingekuwa na maana: maji ya mwili yameongezeka, kuna mtoto, kuna kondo, na kanuni haikuandikwa kwa ajili ya hali hiyo. Uzito wa kliniki unamtosha. Mwenye vyuma vya kuungia mfupa mguuni anaweza kupata namba za ajabu, kwa sababu mkondo unapita hapohapo penye chuma.

Asubuhi inasema 31, jioni 28. Niamini ipi?

Usiamini yoyote peke yake. Tufanye hesabu kwanza. Mtu wa kilo 78 mwenye asilimia 31 ana kilo 24.2 za mafuta. Jioni ana kilo 78.6 na asilimia 28, yaani kilo 22. Kwa siku moja, kati ya chai na chakula cha usiku, angekuwa ameyeyusha zaidi ya kilo 2 za mafuta. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kalori 7,700, kwa hiyo tunazungumzia kalori karibu 17,000. Hata angekimbia kwa miguu kutoka Dar hadi Morogoro asingezifikisha.

Kilichohama ni maji. Ukilala, maji yanasambaa mwili mzima. Ukishinda umesimama au umekaa kwenye kiti, yanateremka miguuni. Na miguu ndiyo sehemu pekee ambayo mizani hii inaipitishia umeme. Jioni miguu ina maji mengi, ukinzani unashuka, mafuta "yanapungua". Asubuhi mara tu ukitoka kitandani mambo yanageuka. Ndiyo maana Tanita, kampuni ya Japani iliyotoa mizani ya kwanza ya aina hii mwaka 1992, inashauri watu wasipime mafuta mara tu baada ya kuamka, wangoje zipite kama saa tatu hivi.

Ushauri huo ni mzuri kwenye karatasi. Nani ana nafasi ya kupima saa tatu baada ya kuamka, wakati saa hizo yuko kazini au kwenye foleni ya daladala?

Basi nipime saa ngapi?

Saa ambayo utaweza kuirudia. Utaratibu unaowafaa wengi ni huu: amka, nenda chooni, zungukazunguka kidogo, fagia, washa jiko, kisha panda kabla ya chai, bila nguo nzito. Asilimia ya mafuta itasoma juu kidogo kuliko ya jioni, na hilo halina neno, maana itasoma juu kidogo kila siku. Tunachotafuta ni mwelekeo wake. Anayefanya kazi ya usiku achague muda wake, mradi usibadilike.

Vinavyovuruga zaidi ni kupima baada ya mazoezi, baada ya kuoga maji ya moto, baada ya kula, au kesho yake baada ya pombe. Shughuli nazo zina yake: pilau na kachumbari ya harusini, chumvi tele, soda mbili, na asubuhi uzito uko juu kwa kilo nzima. Hujanenepa kwa usiku mmoja, chumvi imeshika maji. Mpe mwili siku mbili tatu.

Nipime kila siku au mara moja kwa wiki?

Kama wewe ni mtu wa kuangalia namba na kuendelea na shughuli zako, kila siku ni bora, kisha usome wastani wa wiki. Kama namba ya asubuhi inakuharibia siku nzima, mara moja kwa wiki inatosha, siku ileile. Mwanamke anayepata hedhi alinganishe wiki na wiki inayofanana nayo mwezi uliopita. Siku chache kabla ya hedhi wengi hushika maji, na kulinganisha wiki hiyo na ile iliyo baada ya hedhi ni kujitafutia presha bure.

Vipi Ramadhani?

Ukipanda kabla ya futari, mwili umekauka. Maji yakipungua ukinzani unapanda, na mizani itatangaza kwamba una mafuta mengi kuliko jana usiku, ilhali uzito umeshuka. Ukipanda baada ya futari, tumbo lina uji, tambi, mihogo na maji ya kutosha, na uzito unapaa. Chagua wakati mmoja, kwa mfano kabla ya daku, na ulinganishe siku za mfungo zenyewe kwa zenyewe. Usizichanganye na za Shaabani wala za Shawwal.

Mbona wakati mwingine inaleta uzito tu, mafuta haileti?

Umeme haukupita. Tazama miguu kwanza. Unyayo mkavu wenye magaga unazuia mkondo. Unyayo uliopakwa mafuta mazito ya mgando nao vilevile. Wanaopaka mafuta miguuni kila wakitoka kuoga wapime kabla ya kupaka. Futa miguu kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kanyaga vibati kwa kisigino na kwa mbele ya unyayo, na usiruhusu mapaja kugusana sana. Mapaja yakishikana, umeme unapata njia ya mkato na namba inabadilika. Mwenye mapaja makubwa anaweza kuweka kitambaa kikavu katikati.

Kingine ni sakafu. Mizani iwe juu ya simenti, marumaru au vigae, isiwe juu ya zulia, mkeka wala jamvi. Vihisi vya uzito viko kwenye vile vijiguu vinne, na kijiguu kimoja kikizama kwenye zulia, uzito wenyewe unadanganya, na kila kitu kinachokokotolewa kutoka kwenye uzito nacho kinadanganya. Ukiihamisha kutoka chumba kimoja kwenda kingine, ikanyage mara moja, ngoja izime, halafu ndiyo upime.

Asilimia ngapi ya mafuta ni nzuri?

Viwango vinavyotumika kwenye mizani nyingi vinatokana na utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ukiongozwa na Dympna Gallagher, uliohusisha Wamarekani weusi, watu wa Asia na wazungu. Kwa wanawake wa miaka 20 hadi 39, asilimia 21 hadi 33 huhesabiwa kuwa ya afya. Kuanzia miaka 40 hadi 59 ni 23 hadi 34, na miaka 60 hadi 79 ni 24 hadi 36. Kwa wanaume, kwa makundi hayohayo ya umri, ni 8 hadi 20, 11 hadi 22, na 13 hadi 25.

Angalia upana wake. Mwanamke wa miaka 30 mwenye 22 na mwenzake mwenye 32 wote wako salama. Sasa kumbuka mizani yenyewe inaweza kupishana na ukweli kwa pointi 4. Kuna haja gani ya kulia kwa sababu imesoma 33.4?

Mume wangu ana kitambi kabisa, mimi sina. Mbona asilimia yake ni 24 na yangu 32?

Kwanza, mwanamke ameumbwa na mafuta mengi kuliko mwanamume: matiti, nyonga, mapaja, na akiba ya uzazi. Asilimia 32 kwako ni ya kawaida. 24 kwake, kama hajafika 60, tayari imevuka mstari. Usizilinganishe namba hizi mbili.

Pili, na hili ni kubwa zaidi, mizani yenu haijakiona kitambi chake. Mkondo umepita miguuni na nyongani tu. Juu ya hapo, mizani imekisia kwa kuangalia uzito na hali ya miguu. Ni fundi cherehani aliyepima suruali, kisha akakata na koti. Mwanamume mwenye miguu myembamba na tumbo kubwa, umbo tunalolijua sana kwa baba zetu, ndiye hasa anayependelewa na mizani ya vibati vinne. Mpime kwa futi ya fundi kiunoni, katikati ya mbavu ya chini na mfupa wa nyonga, akiwa ametoa pumzi bila kuvuta tumbo ndani. Kwa mwanamume, sentimita 94 ndiyo mwanzo wa tahadhari, na 102 ni hatari kubwa. Kwa mwanamke ni 80 na 88. Namba hizi zimetokana na takwimu za Wazungu, na Shirikisho la Kimataifa la Kisukari limeshauri 94 na 80 zitumike kwetu kusini mwa Sahara hadi zitakapopatikana zetu. Njia nyingine rahisi ni hii: kiuno kisifike nusu ya urefu. Mtu wa sentimita 170 asivuke 85.

Futi ya fundi bei yake ni ndogo kuliko nauli ya kwenda kununua mizani, na kwa swali la kitambi inaishinda mizani.

Na ile namba ya mafuta ya ndani ya tumbo, "9", ni kilo? Ni asilimia?

Si kilo, si asilimia. Ni daraja tu, na kila kampuni ina ngazi yake. Kwa Tanita ngazi inaanzia 1 hadi 59, na 12 kushuka ndiyo salama. Kwa Omron ni 1 hadi 30, na 9 kushuka ndiyo ya kawaida, 10 hadi 14 imepanda, 15 na kuendelea imepanda sana. Kwa hiyo 11 yako na 11 ya jirani zinaweza kuwa habari mbili tofauti. Soma kijitabu cha mizani yako, usisome cha mtu mwingine.

Mafuta haya ndiyo yanayozunguka ini, utumbo na viungo vingine, na ndiyo yenye uhusiano wa karibu na kisukari na maradhi ya moyo. Ni namba muhimu inayotolewa na chombo ambacho, kama tulivyosema, hakijafika tumboni. Ichukue kama dokezo, kisha chukua futi.

Mizani ya gym inasema misuli yangu ni asilimia 70, ya nyumbani inasema 34. Nimeibiwa?

Hapana, zinahesabu vitu viwili tofauti. Baadhi huita misuli kila kisicho mafuta wala mfupa, pamoja na moyo, kuta za utumbo na maji yaliyomo. Hapo utapata 60, 70, hata zaidi. Nyingine huhesabu misuli ya kutembezea mwili tu, ile iliyoshikamana na mifupa, na hapo mwanamume wa kawaida atakuwa kwenye thuluthi hivi, mwanamke chini ya hapo. Hakuna iliyokosea. Chagua moja, ibaki hiyohiyo.

Nina miaka 38, mizani inasema umri wa mwili wangu ni 52. Nizeeke?

Hii ndiyo namba ninayoichukia kuliko zote. Mizani hukadiria kalori ambazo mwili unatumia ukiwa umepumzika, kisha inaangalia wastani huo unafanana na wa watu wa umri gani kwenye jedwali la kampuni. Hakuna daktari anayeitumia. Haikupima mishipa, haikupima sukari, haikupima presha. Kama programu inakuruhusu kuificha, ifiche.

Mifupa kilo 2.4. Je, nina upungufu wa madini ya mifupa?

Mizani haiwezi kukuambia. Mkondo haukuipima mifupa. Namba hiyo imekadiriwa kutoka kwenye uzito usio wa mafuta. Kijitabu cha Tanita chenyewe kinataja wastani wa kilo 2.40 kwa mwanamke wa kilo 50 hadi 75, na kilo 3.29 kwa mwanamume wa kilo 65 hadi 95. Udhaifu wa mifupa huangaliwa kwa kipimo cha DEXA hospitalini. Mama aliyekoma hedhi na akavunjika mkono kwa kuanguka kidogo tu, aende huko, hata kama mizani inamsifia.

Maji asilimia 46 maana yake sinywi maji ya kutosha?

Mara nyingi maana yake ni kwamba una mafuta zaidi. Namba hizi mbili ni pande za hesabu moja: mafuta yakipanda kwenye karatasi, maji yanashuka. Kiwango kinachotajwa ni 45 hadi 60 kwa wanawake na 50 hadi 65 kwa wanaume. Kama unataka kujua unakunywa ya kutosha, tazama rangi ya mkojo.

Nimeacha ugali na wali wiki moja, nimepungua kilo 3, lakini mizani inasema misuli imepungua. Nifanyeje?

Usishtuke, ila usishangilie pia. Mwili huhifadhi wanga kwenye misuli na ini, na kila gramu ya akiba hiyo inakaa na takriban gramu 3 za maji. Ukikata wanga ghafla, akiba inatumika na maji yake yanatoka. Hizo ndizo kilo za wiki ya kwanza. Mizani ikiona maji yamepungua kwenye misuli inasema misuli imepungua. Siku utakaporudi kwenye sahani ya ugali, kilo kama mbili zitarudi kwa kasi ileile, na watu wengi hapo ndipo hukata tamaa wakidhani jitihada zote zimekwenda na maji, na kwa kweli ni maji yenyewe tu yaliyorudi.

Kuna upande mwingine wa kuangalia. Ukipungua kwa njaa kali bila maharage, dagaa, mayai au nyama, na bila kazi yoyote ya nguvu, misuli inapungua kweli. Utaijua vipi? Wastani wa misuli utaendelea kushuka mwezi wa pili na wa tatu, baada ya maji kutulia, na utaanza kuchoka ukipanda ngazi ulizokuwa ukizipanda bila shida.

Anayetumia kirutubisho cha kreatini atapata kinyume chake: misuli inavuta maji, mizani inasema amejenga misuli kilo nzima kwa wiki. Asubiri kwanza kabla ya kuweka picha mtandaoni.

Niwashe hali ya mwanamichezo?

Kama unakwenda gym mara tatu kwa wiki, hapana. Tanita huielezea kwa mtu anayefanya mazoezi makali angalau saa 10 kwa wiki na mapigo ya moyo wake akipumzika ni 60 au pungufu. Ukiiwasha bila sifa hizo, mafuta yatashuka kwa pointi kadhaa papo hapo, na utakuwa umeipaka mizani rangi.

Nitajuaje kama mizani yangu inapima kweli au inapiga ramli?

Swali zuri, kwa sababu zipo zinazopiga ramli. Vaa soksi nene kavu, kisha panda. Umeme hauwezi kupita, kwa hiyo mizani ya kweli italeta uzito na kuacha mafuta wazi, au italeta alama ya kosa. Ikikuletea asilimia ya mafuta huku umevaa soksi, basi inachukua uzito na urefu wako, inapiga hesabu ya BMI, na kukuuzia kama kipimo. Hesabu hiyo unaweza kuifanya bure: uzito kwa kilo, gawa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Usihukumu kwa kukosekana kwa vibati vinavyoonekana. Zipo za kweli ambazo kioo chake kimepakwa utando usioonekana unaopitisha umeme.

Uzito nao uujaribu. Panda, soma. Panda tena ukiwa umebeba katoni ya chupa 6 za maji za lita moja na nusu ambazo hazijafunguliwa. Maji hayo ni kilo 9, plastiki inaongeza kidogo. Tofauti ikiwa 9.1 au 9.3, shukuru. Ikiwa 8 au 10.5, badilisha betri na sehemu uliyoiweka, kisha ujaribu tena kabla ya kumrudia muuzaji. Wakala wa Vipimo hukagua mizani za biashara, za buchani na za korosho. Ya chumbani kwako mkaguzi ni wewe.

Mama yangu anaumwa moyo na miguu inavimba. Mizani hii itamsaidia?

Itamsaidia sana, lakini kwa namba moja tu: uzito. Asilimia zote kwake ni bure, kwa sababu maji ya uvimbe yanahesabiwa kama mwili mzuri usio na mafuta. Mgonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi vizuri hushauriwa kujipima kila asubuhi, na akiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, awasiliane na kliniki bila kungoja tarehe ya kadi. Andika uzito wake kwenye daftari, mwende nalo kwa daktari. Mgonjwa wa figo na anayesafishwa damu naye vivyo hivyo, afuate uzito aliopangiwa na kliniki yake.

Natumia ARV na nimeongezeka uzito. Mizani inasema ni mafuta.

Inawezekana ni kweli. Dawa zenye dolutegravir, ambazo sasa ndizo zinazotumiwa na wengi katika nchi zetu, zimehusishwa na kuongezeka uzito, na sehemu ya uzito huo ni mafuta. Wengine kinachorudi ni mwili uliokuwa umekonda kwa ugonjwa, na hilo ni jambo jema. Mizani haiwezi kutenganisha hayo mawili, wala haioni mafuta yaliyohama kutoka miguuni na usoni kwenda tumboni kwa waliotumia dawa za zamani. Peleka uzito na kiuno chako kliniki, uulize kuhusu sukari na presha. Dawa usiache wala usiruke hata dozi moja kwa sababu ya mizani.

Watoto wapande?

Uzito, wapande. Mafuta, fuata umri ulioandikwa kwenye kijitabu. Mizani nyingi za bei nafuu zina kanuni ya watu wazima peke yake, na mtoto anayekua maji yake na mifupa yake haviendani nayo. Zaidi ya hayo, binti wa miaka 13 hahitaji kuitwa "mnene" na simu.

Nilipie zaidi nipate ile yenye mshikio wa mikono?

Kama fedha ipo, ndiyo. Yenye vibati 8 hupitisha mkondo mikononi, kiwiliwili na miguuni, kwa hiyo lile koti la fundi, yaani sehemu ya juu ya mwili, nalo linapimwa. Bado ni makadirio, ila kwa mwenye umbo la juu zito na miguu myembamba tofauti itaonekana. Kama fedha ya kuongeza ndiyo ya kununulia matunda ya mwezi, nunua matunda.

Programu inataka ruhusa ya mahali nilipo, majina ya watu kwenye simu na picha. Niipe?

Kwenye simu za Android za zamani kidogo, kabla ya toleo la 12, ruhusa ya mahali ilikuwa lazima ili simu iweze kutafuta vifaa vya Bluetooth, kwa hiyo hiyo peke yake si dalili ya wizi. Majina ya watu kwenye simu yako na picha, hapana. Taarifa za afya ni taarifa nyeti kwa sheria za ulinzi wa taarifa binafsi za Kenya ya 2019 na Tanzania ya 2022, lakini seva ya programu iliyotengenezwa mbali haisomi Gazeti la Serikali. Jaza jina la utani, weka mwaka sahihi wa kuzaliwa, tarehe na mwezi vinaweza kuwa vyovyote. Urefu usidanganye: ukijiongezea sentimita 5, mafuta yatapungua kwenye kioo tu.

Wageni wakija wote wanataka kupanda, kisha grafu yangu inaharibika.

Mizani hutambua mtu kwa uzito. Shemeji mwenye kilo zinazokaribia zako akipanda, inamwandika kama wewe. Tumia sehemu ya mgeni kwenye programu, au zima Bluetooth ya simu yako kabla hawajaanza kupanga foleni. Baadhi ya mizani huhifadhi kipimo na kukituma baadaye simu ikiwa karibu, hivyo wakishaondoka fungua orodha ya siku hiyo, ufute visivyo vyako.